Pale Herufi Zinapokalia

Agosti 1914, vita vilipowaka Ulaya, Gavana Heinrich Schnee aliondoka Dar es Salaam akahamishia Morogoro makao ya serikali ya koloni la Wajerumani, Deutsch-Ostafrika. Sababu ilionekana kwa macho. Dar es Salaam ilikuwa wazi mbele ya manowari za Waingereza. Morogoro ilikuwa mbali na mizinga hiyo, ina milima ya Uluguru mgongoni na stesheni mlangoni, maana reli kutoka pwani ilikuwa imeshafika tangu 1907. Mji huu ambao leo wenyewe wanauita mji kasoro bahari ukawa mahali pa kutolea amri za koloni.

Amri hutaka pesa, na pesa zikaanza kuadimika. Benki ya Deutsch-Ostafrikanische Bank, iliyoanzishwa 1905, ilikuwa ikiletewa noti zake kwa meli kutoka Ujerumani, na sasa bahari ilikuwa imefungwa. Basi noti zikachapwa hapahapa nchini, kwa mitambo na karatasi iliyopatikana. Za kwanza, za rupia 20, zina tarehe ya 15 Machi 1915.

Mtu anayejali uchapaji anaweza kuitazama noti moja ya aina hiyo kwa nusu saa nzima. Haina ile michoro ya fahari iliyokuwa kwenye noti za kabla ya vita. Karibu kila kilichomo ni maandishi: jina la benki, kiasi, tarehe, namba, sahihi. Kiasi kimewekwa kwa herufi nene na kubwa, maneno ya ahadi kwa herufi ndogo, na yote yamebanwa kwenye kipande cha karatasi kinachoenea kiganjani. Heshima ya noti ilibebwa na herufi na jinsi zilivyopangwa. Herufi zikikaa ovyo, nani ataamini kwamba karatasi ile ni pesa?

Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yaliingia Morogoro. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa ameshaondoka, askari na wapagazi wake wakiizunguka Uluguru kuelekea Kisaki. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo Tabora nayo ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji. Mwaka mmoja baadaye, wakiwa wamesukumwa hadi kusini-mashariki ya nchi, Wajerumani walitoa noti zao za mwisho. Zina tarehe ya 1 Oktoba 1917, na wakusanyaji wa pesa za kale wanaziita noti za porini. Ziligongwa kwa herufi za mpira, zile za seti za kuchezea watoto.

Kutoka kwenye herufi za risasi hadi kwenye herufi za mpira ni safari ya miaka miwili na nusu tu, lakini ndani yake limo swali ambalo kila mpangaji wa maandishi hukutana nalo, hata leo akiwa mbele ya kompyuta: herufi kubwa na herufi ndogo zikikaa pamoja, zinakalia wapi?

Mtoto wa darasa la kwanza analijua jibu kabla ya kujua kulieleza. Mwalimu anamwonyesha mstari wa daftari na kumwambia aandike juu yake. Herufi a, m na o zinakaa kitako. Herufi k na l zinanyoosha shingo. Herufi g, j, p na y zinakaa kwenye mstari uleule lakini miguu yao inaning'inia chini. Ukubwa wa mwandiko unaweza kutofautiana, mstari haubadiliki. Kitabu kilichochapwa hakina mstari huo, lakini jicho la msomaji linautembea vilevile. Katika makala hii tuuite mstari wa kukalia.

Kwa mpangaji wa herufi za risasi, mstari huo ulikuwa jambo la mikono. Herufi yake ni kipande cha risasi chenye mwili na uso. Mwili ni ule mche unaosimama, uso ni ile herufi iliyoinuka juu yake na kupakwa wino. Akisema "pointi 10" anataja kimo cha mwili, siyo cha uso. Ndani ya mwili huo mmeachwa nafasi ya shingo ya l na nafasi ya mguu wa y, na kila kiwanda cha kumimina herufi kilikuwa huru kuamua uso ukae juu kidogo au chini kidogo ya mwili. Hapo ndipo taabu ilipozaliwa.

Tuseme anataka neno MOROGORO la pointi 24 likae kwenye mstari mmoja na maelezo ya pointi 10. Tofauti ya miili ni pointi 14, na pengo hilo lazima lijazwe, la sivyo herufi ndogo zitacheza na kuanguka. Ikiwa herufi kubwa zinakalia pointi 5 juu ya ukingo wa chini wa mwili wao, na ndogo zinakalia pointi 2, basi chini ya ndogo anaweka kibapa cha risasi cha pointi 3 na juu yake vya pointi 11. Tatu, kumi na kumi na moja ni ishirini na nne. Safu imekaza, mstari umenyooka. Sasa tuseme kiwanda kiliweka uso wa zile ndogo kwenye pointi 2 na theluthi. Kibapa cha pointi 2 na theluthi mbili hakipo dukani. Fundi anakata kadi, anapachika karatasi nyembamba kama ya kusokotea sigara, anajaribu, anavuta nakala, anatazama, anafungua tena. Robo saa imepita kwa ajili ya neno moja.

Kazi ya namna hiyo ilifika pwani yetu mapema. Edward Steere, aliyekuja Zanzibar mwaka 1864 na baadaye kuwa askofu wa misheni ya UMCA, alikuwa na mtambo wa kuchapia, na waliokuwa wakiokota herufi na kuzipanga ni vijana waliokombolewa kutoka utumwani. Kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kilitoka 1870. Mwaka 1888 gazeti la Msimulizi lilianza kutoka Kiungani, Zanzibar, katika misheni hiyohiyo. Upande wa bara, shule ya serikali ya Tanga iliwafundisha wanafunzi ufundi pamoja na kusoma, na uchapaji ulikuwa mmoja wa ufundi huo. Hapo ndipo lilipochapwa gazeti la Kiongozi, likisomwa na walimu, maakida na makarani, mpaka vita vilipolizima mwaka 1916.

Historia ya uchapaji huandikwa kwa majina ya maaskofu na wahariri. Vijana waliosimama mbele ya makasha ya herufi, wakisoma kila neno kinyumenyume kwa sababu uso wa risasi umegeuka kama sura kwenye kioo, hawatajwi. Hao ni miongoni mwa Waafrika wa Mashariki wa kwanza kupanga herufi za risasi kwa mikono yao. Walijua kwa vidole kwamba Kiswahili kimejaa y, kwa sababu ya "ya" na "yake" na "hayo", na kwamba kila y inadai nafasi chini ya mstari. Walijua pia kwamba "ng'ombe" lina kile kialama kinachoelea juu, ambacho kikitoka kwenye kasha la ukubwa mwingine kinapanda mno au kinashuka mno, na neno zima linapinda.

Nje ya nchi, taabu ya mistari isiyolingana ilikuwa imewachosha wengine pia. Mwaka 1894 ndugu watatu wa ukoo wa Schraubstadter walianzisha Inland Type Foundry huko St. Louis, Marekani, na moja ya mambo waliyojinadi nayo ni kwamba herufi zao zote, za mtindo wowote, zilimiminwa kwa mstari mmoja wa kukalia. Mpangaji aliweza kuchanganya nene na nyembamba, kubwa na ndogo, akajaza mapengo kwa vibapa vya pointi kamili bila kukata karatasi. Viwanda vingine havikuwa na hiari ila kufuata. Ujerumani nayo, mwaka 1905, ikapata mstari wake wa kawaida, Normalschriftlinie. Wajerumani walikuwa na sababu ya ziada. Vitabu vyao vilipangwa kwa herufi za Kigothi, na desturi ilitaka maneno ya kigeni yapangwe kwa herufi za Kilatini katikati ya hizo za Kigothi. Aina mbili za mwandiko, mstari mmoja, na tangu hapo hesabu moja.

Kisha vita vikaja, na bendera ikabadilika. Waingereza walileta serikali yao, mchapaji wao wa serikali, na mwaka 1923 gazeti la Mamboleo. Walileta pia pointi yao. Pointi ya Kijerumani, iliyofuata kipimo cha Mfaransa Didot, ni milimita 0.376. Ya Uingereza na Marekani ni milimita 0.351. Kwa herufi moja tofauti hiyo haionekani, lakini mwili wa pointi 24 wa Kijerumani ni milimita 9 na wa Kiingereza ni 8.4, na hakuna kibapa kinachoziba pengo hilo kwa hesabu safi. La pili ni baya zaidi. Herufi ya Kijerumani ilisimama kwa urefu wa milimita 23.57 na ya Kiingereza 23.32. Robo ya milimita! Mchapaji aliyerithi makasha ya Kijerumani na kuagiza ya nyongeza London angekuta kwamba ile ndefu inatoboa karatasi na ile fupi haigusi wino. Hapo suala la mstari wa kukalia linakuwa dogo, kwa sababu herufi zenyewe haziwezi kukaa kwenye ukurasa mmoja.

Herufi za mpira za mwaka 1917 zilikuwa na jibu lao la kimaskini. Katika seti kama zile, vipande vya mpira huchomekwa kwenye mfereji uliochongwa katika kipande cha mbao. Mfereji ndio mstari. Ukitaka neno kubwa juu ya neno dogo, au pembeni yake, unachukua seti nyingine yenye mfereji mpana na unagonga mara ya pili kwa mkono. Kati ya kugonga kwa kwanza na kwa pili hakuna kibapa wala chuma kinachokaza. Kuna mkono wa mtu tu, nao unatetemeka.

Miaka mingi ya katikati inaweza kupitwa haraka. Risasi iliendelea kupanga magazeti na vitabu vya shule, kisha ikaja filamu na ofseti, ambako maandishi yalitoka kwenye mkanda wa karatasi, yakakatwa kwa wembe na kubandikwa kwa gundi juu ya meza yenye taa. Kompyuta zilichelewa. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na zuio hilo likaja kulegezwa katika miaka ya 1980.

Karibu na miaka hiyo, huko Marekani mambo mawili yalitokea. Donald Knuth, profesa wa Stanford, aliona nakala za majaribio za kitabu chake zimepangwa vibaya, akaacha kuandika na kuanza kutengeneza programu ya kupanga maandishi, TeX, iliyotoka 1978. Mwaka 1985 kampuni ya Aldus ya Paul Brainerd ilitoa PageMaker, na mtu mmoja mwenye kompyuta na printa ya leza akaweza kufanya kazi iliyokuwa ikihitaji karakana nzima.

Namna Knuth alivyoufikiria mstari inafaa kutazamwa kwa karibu. Katika TeX kila herufi ni boksi lenye vipimo vitatu: upana, kimo juu ya mstari, na kina chini ya mstari. Boksi halina "ukingo wa chini" kama msingi wake. Lina nukta ya rejea iliyo palepale herufi inapokalia. Ukiweka a ndogo kando ya Y kubwa, programu inaunganisha nukta zao, na kila moja inapanda na kushuka kwa kadiri yake. Mguu wa y na shingo ya l vimehesabiwa kila kimoja upande wake. Ni ule ujuzi wa vijana wa Tanga na Kiungani, umeandikwa kwa hesabu.

PageMaker ilifuata njia nyingine. Ilimpa mpangaji maboksi ya maandishi ya kuvuta na kuweka popote kwenye ukurasa. Ndani ya mstari mmoja herufi za ukubwa tofauti zilikalia pamoja bila kuambiwa. Lakini programu iligawa nafasi ya mstari kwa theluthi: mbili juu ya mstari wa kukalia, moja chini yake. Boksi lenye mistari mipana na boksi lenye mistari myembamba, yakiwekwa sambamba kwa ukingo wa juu, yalikuwa na theluthi zisizolingana, na maandishi yake yakapishana. InDesign, iliyotoka 1999, nayo hupima mstari wa kwanza kutoka juu ya boksi kwa kufuata kimo cha herufi zilizomo, isipokuwa ukiiagiza vingine. Maandishi ya pointi 24 yataanza chini zaidi, ya pointi 10 yataanza juu zaidi, ingawa maboksi yenyewe yamenyooka kama rula.

Kompyuta inalinganisha maboksi, msomaji anasoma mistari. Jedwali la Word linatoa chaguo la juu, katikati na chini ya kisanduku, na hakuna hata moja kati ya hayo matatu ambalo ni pale herufi zinapokalia. Ukichagua "chini", neno la pointi 24 na neno la pointi 10 yataweka miguu ya y zake karibu na ukingo mmoja, na kwa sababu mguu mmoja ni mrefu kuliko mwingine, maneno yenyewe yatapishana kwa pointi 3 hivi, yaani kama milimita moja. Ni kosa ambalo mteja hawezi kulitaja kwa jina. Anasema tu, "Hapa pana kitu hakijakaa sawa."

Morogoro ni mji unaoandika sana. Chuo Kikuu cha Sokoine kilianza hapa 1984, Chuo Kikuu cha Mzumbe kipo barabara ya Iringa, na wanafunzi wanakuja na tasnifu zao kufunga na kuprinti. Waadventista wana kiwanda chao cha uchapaji mjini humu, Tanzania Adventist Press, na atakayefungua kitabu cha nyimbo cha kanisa lolote ataona tatizo letu lipo kwenye kila ukurasa: namba ya wimbo imewekwa kubwa, jina la wimbo la wastani, na maelezo mengine kwa herufi ndogo kabisa. Vyote vitatu vikikalia mstari mmoja, mwimbaji anaipata namba kabla kinanda hakijamaliza utangulizi. Visipokalia, jicho linaruka kama linatembea juu ya mawe ya mto.

Na kuna stesheneri. Zunguka Soko Kuu la Chifu Kingalu na mitaa inayolizunguka, utaona meza ndogo, kompyuta, printa, mashine ya kupitishia plastiki kwenye vitambulisho, na ukutani sampuli za kadi za harusi na kadi za mchango. Kadi ya mchango ni mtihani mgumu kuliko gazeti. Ina jina la familia, majina ya wanaooana kwa herufi za madaha zenye mikia mirefu, neno "na" dogo katikati yao, tarehe yenye tarakimu kubwa na mwezi mdogo, saa, ukumbi, namba za simu, na kiasi kilichoandikwa kwa mtindo wetu wenyewe wa "/=" mwishoni. Karibu kila kimoja kati ya hivyo kimewekwa kwenye boksi lake, kwa sababu kiolezo kilichopakuliwa kilikuja hivyo, na kiolezo kilitengenezwa kwa ajili ya majina mafupi ya watu wa nchi nyingine. Weka hapo jina la Kiluguru au la Kipogoro lenye y na g, na mikia inagonga mstari wa chini.

Wengi wanaofanya kazi hii walijifunza kwa kumtazama aliyekaa kwenye kiti kabla yao. Hakuna aliyewaonyesha kibapa cha risasi, na hakuna sababu wangeonyeshwa. Lakini kuna hasara ya kweli hapa, na inafaa isemwe wazi. Mpangaji wa zamani alilazimishwa kuujua mstari, kwa sababu asipoujua herufi zilianguka mezani. Kompyuta haiangushi kitu. Inashikilia kosa mahali pake, safi na lenye rangi, mpaka lichapwe nakala mia mbili.

Dawa zipo ndani ya programu zilezile. InDesign ina gridi ya mistari ya kukalia ambayo ukurasa mzima unaweza kufungwa kwayo. Word na Publisher zinakubali uandike neno kubwa na dogo ndani ya boksi moja, kwenye aya moja, ambapo zitakalia pamoja zenyewe, kisha nafasi ya mistari iwekwe kwa pointi kamili ili neno kubwa lisiusukume mstari wa juu. Ikibidi kubaki na maboksi mawili, unashusha au kupandisha moja kwa vishale vya kibodi huku umekuza ukurasa kwa asilimia 400, na unatazama sehemu ya chini ya herufi isiyo na mguu, n au m, kamwe si y wala o. Herufi o hudanganya, kwa kuwa tumbo lake la duara huchorwa likizidi mstari kidogo ili lionekane limekaa sawa na wenzake.

Fundi mzuri wa stesheneri haishii kwenye skrini. Anavuta nakala moja kwenye karatasi ya kawaida ya A4 kabla ya kugusa kadi ya bei. Anaikunja kwa kucha chini kabisa ya jina la bibi harusi, mkunjo ukiendelea hadi upande wa pili wa karatasi, kwenye "na" na kwenye jina la bwana harusi. Anaiinua kuelekea mlangoni, kwenye mwanga unaoshuka kutoka upande wa mlima. Mkunjo umepita chini ya m, chini ya n, chini ya a ndogo ya katikati. Kwenye jina la bwana harusi umekata sehemu ya chini ya n. Anarudi kwenye kiti, anabonyeza kishale cha kupandisha mara mbili, na printa inaanza tena.